Kete 14 bila mpinzani mezani

Tangu Balatro, mchezo wa kompyuta wa peke yako unaotumia mikono ya poka, itoke Februari 2024, kila mchezo mdogo wa kompyuta wenye namba zinazozidishana hupewa maelezo yaleyale ya mstari mmoja: ni Balatro ya kitu fulani. Dungeons & Degenerate Gamblers, Balatro ya blakijeki. Ballionaire, Balatro ya mipira inayodunda kwenye misumari. CloverPit, Balatro ya mashine ya kamari. Mahjong, mchezo wa Kichina wa watu wanne wanaokusanya kete zenye picha, nayo haikusalimika. Aotenjo: Infinite Hands ni mchezo ulioko Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ambao unakupa kete za mahjong, unakukalisha peke yako na kukudai pointi zinazozidi kupanda. Hukumu ya wengi juu yake unaweza kuibashiri bila kuisoma: ni Balatro iliyobadilishwa picha.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na sababu yangu ni ya hesabu. Naona mahjong inafaa kwa michezo ya aina hii kuliko poka. Kinachoipa shida ni mambo mengine kabisa: ugumu wa kuingia, na watu watatu waliokuwa wamekaa mezani na sasa hawapo.

Kwa asiyeifuatilia jamii hii ya michezo, historia yake ni fupi. Rogue ya mwaka 1980 ilileta desturi ya mchezo unaokupangia ramani mpya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo mikono mitupu. Mwaka 2008 Donald X. Vaccarino akatoa Dominion, mchezo wa mezani ambao mchezaji anajenga pakiti yake ya karata huku mchezo wenyewe ukiendelea. Slay the Spire, iliyokamilika rasmi Januari 2019, ikaoanisha mawazo hayo mawili vizuri mno hata waigaji wakawa hawahesabiki. Balatro ikaja kuondoa hata maadui wa kupigana nao, zikabaki namba tupu. Unaanza na lengo la pointi 300, una mikono 4 ya kucheza na ruhusa chache za kutupa karata. Ukifika, lengo linapanda na unapita dukani kununua majokeri ya kukuongezea nguvu. Ukishindwa, kwaheri. Ndani ya mwezi mmoja iliuza nakala zaidi ya milioni 1, na kwenye The Game Awards ya 2024 ikaondoka na tuzo tatu.

Jambo moja wanaopiga kelele za kuiga hulisahau: mtengenezaji wa Balatro, Mkanada anayejiita LocalThunk, hakuanzia kwenye poka. Amesema wazo la mwanzo lilimjia kutokana na Big Two, mchezo wa karata wenye asili ya Kichina. Kwa hiyo mahjong ikifuata njia hiyo haiendi ugenini.

Sasa tuzione kete zenyewe. Mahjong ya Kijapani hutumia kete 136. Kuna koo tatu: duara, mianzi na herufi, kila ukoo una namba 1 hadi 9, na kila namba ina kete 4. Hizo ni 108. Zinazobaki 28 hazina namba: pepo nne za Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini, na majoka matatu, jekundu, kijani na jeupe, kila moja kete 4. (Wachina huongeza kete 8 za maua na misimu, zinakuwa 144.) Unashika kete 13, unachota moja na kutupa moja, hadi upate 14 zinazounda makundi manne ya kete tatutatu na jozi moja. Kundi ni mfululizo, mfano 2-3-4 za ukoo mmoja, au ni kete tatu zinazofanana.

Mahjong ninayoizungumzia si ile ya kompyuta ya kutoa jozi zilizorundikwa. Ile ilitengenezwa na Brodie Lockard mwaka 1981 kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO, kisha kampuni ya Activision ikaisambaza mwaka 1986 kwa jina la Shanghai, na imekuwa maarufu kiasi kwamba mamilioni ya watu wakisikia mahjong wanaona rundo la kete linaloshuka mbilimbili. Ni mchezo mzuri wa kupoteza muda. Ila unatumia kete za mahjong kwa namna ambayo kujenga mnara wa karata kunatumia karata za poka, na kwa michezo mipya ya mahjong ni mzigo: nusu ya wanaotazama picha Steam wanaamini tayari wanaujua.

Twende kwenye hesabu. Chukua mkono huu: 2-3-4 za mianzi, 2-3-4 za duara, 2-3-4 za herufi, 6-7 za duara, na jozi ya 5 za mianzi. Hizo ni kete 13, na unangoja ya mwisho. Ikija 5 ya duara inakamilisha, ikija 8 ya duara inakamilisha pia, maana yake kuna kete 8 zinazoweza kukuokoa. Sasa hesabu majina ambayo mkono huo unayabeba. Hauna 1, hauna 9, hauna pepo wala joka: hiyo ni tanyao. Makundi yote ni mifululizo, na mwisho wake unangojwa kutoka pande mbili: hiyo ni pinfu. Mfululizo uleule umejirudia katika koo zote tatu: hiyo ni sanshoku. Na kama ulitangaza kwamba uko tayari, riichi nayo inaingia. Majina manne, yaani yaku nne, juu ya kete zilezile, na kila moja inaleta thamani yake: 1, 1, 2 na 1. Thamani hizo huitwa han. Jumla han 5.

Poka haina kitu hiki. Karata tano ulizoweka mezani zina jina moja tu, lile la juu kabisa. Balatro inajitahidi kulizunguka jambo hilo kwa majokeri yanayouliza kama ndani ya mkono wako kuna jozi iliyojificha, lakini ni kiraka, kizuri, lakini kiraka. Mahjong imezaliwa na tabia hiyo. Kila kete unayoichota unaiuliza itaingia kwenye majina mangapi kwa wakati mmoja, na hilo ndilo swali ambalo mchezo wa kujenga pakiti hutaka ujiulize usiku kucha.

Kisha kuna kuzidisha. Watu walishangilia Balatro kwa sababu ya mfumo wake wa namba mbili: upande mmoja pointi za msingi, upande wa pili kizidishi, na utamu wote uko kwenye kuzikutanisha. Mahjong ya Kijapani ilikuwa na namba mbili hizo zamani. Kuna fu, pointi ndogondogo zinazotokana na umbo la mkono, na kuna han zinazotokana na yaku. Unachukua fu na kuzizidisha kwa 2, mara zilizo sawa na idadi ya han ukiongeza 2. Mkono wetu wa hapo juu, ukikamilishwa kwa kete aliyotupa mwingine, una fu 30 na han 5. Zidisha 30 kwa 2 mara saba, unapata 3,840. Aliyetupa kete analipa mara nne ya hizo kama mshindi hakukalia kiti cha Mashariki, cha mgawaji, yaani 15,360.

Lakini hutalipwa hizo, kwa sababu mezani kuna ukomo. Ukifika han 5 unapewa 8,000, basi. Ukifika han 13 unapewa 32,000 na hapo ndipo dari lilipo. Ukomo huo una mantiki: kila mchezaji kwa kawaida anaanza na pointi 25,000, na bila dari mkono mmoja ungeua meza nzima. Fu 30 na han 13, ukiondoa ukomo, ni pointi 3,932,160. Ukifikisha han 20, unazungumzia zaidi ya milioni 503. Kuna kanuni ya hiari inayoruhusu kuhesabu hivyo bila dari, watu huicheza kwa kufurahishana tu, na inaitwa aotenjo. Sasa unaelewa jina la mchezo limetoka wapi.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wanaosema huu ni mchezo wa Balatro uliobadilishwa picha. Mlipuko wa namba ulikuwa ndani ya mahjong siku zote, umefungiwa kwa sababu ya adabu ya watu wanne wanaotaka kucheza hadi mwisho wa jioni. Ukiwa peke yako huna wa kumwonea haya.

Hata hivyo, kuna kitu kinaharibika, na wachezaji wa mahjong wanaolalamika wana haki. Mahjong nusu yake ni kutoshinda. Mezani mko wanne, na ukuta, yaani kete za kuchota, ukigawanywa kila mmoja anapata kuchota kama mara 17 au 18 tu. Mikono mingi itakamilishwa na mwingine. Mchezaji mzuri anajulikana kwa jinsi anavyouvunja mkono wake mwenyewe: anaona jirani katangaza riichi, anaitazama safu ya kete alizotupa, anajua zipi ni salama, anaanza kuzitoa moja moja huku mkono wake mzuri ukisambaratika. Kuna sheria inaitwa furiten inayokukataza kushinda kwa kete ya mwenzako kama wewe mwenyewe uliwahi kuitupa kete unayoingoja. Sheria nzima imejengwa juu ya ukweli kwamba ulichotupa ni ushahidi na wenzako wanausoma.

Ondoa wenzako, ushahidi hauna msomaji. Furiten haina maana. Riichi, ambayo mezani ni kuweka pointi 1,000 na kujifunga usibadilishe mkono mbele ya watu wanaokuwinda, inageuka kuwa kitufe cha kuongeza han. Kete unayoitupa ni takataka, haimhusu mtu. Balatro nayo iliua udanganyifu wa poka, lakini wachezaji wengi wa Balatro hawakuwa watu wa poka, kwa hiyo hakuna aliyelia. Mtu aliyekaa miaka anasoma kete za wenzake anaingia kwenye mchezo wa peke yake na kukuta nusu ya akili yake haina kazi. Akiandika kwamba hii si mahjong, simbishii.

Simbishii lakini pia simfuati hadi mwisho, kwa sababu pengo hilo lina kitu kinachoweza kulijaza, na hapa ndipo nilipofurahia zaidi: kupunguza kete.

Anayecheza Slay the Spire anajua kwamba karata zake za kuanzia ni uchafu. Mhusika wa kwanza anaanza na karata 10, Strike 5 na Defend 4 na moja ya maana kidogo, na kila nafasi ya kufuta Strike inachukuliwa kwa mikono miwili. Pakiti nyembamba ndiyo pakiti nzuri. Ukileta akili hiyo kwenye mahjong, unaanza kufuta pepo na majoka kwa sababu hayaungani katika mfululizo. Kete 28 zinaondoka, unabaki na 108. Kisha unafuta ukoo mmoja, 72. Kisha wa pili. Sasa una kete 36 za ukoo mmoja, na kila mkono unaoukamilisha ni chinitsu, ambayo mezani ina thamani ya han 6 na watu huikimbiza kwa jasho.

Nenda mbele kidogo. Kuna mkono unaoitwa milango tisa: 1 tatu, kisha 2 hadi 8 moja moja, kisha 9 tatu, zote za ukoo mmoja. Uzuri wake ni kwamba unangoja namba yoyote ya ukoo huo. Chochote kikija, 1 hadi 9, mkono unakamilika. Mezani watu wanaweza kucheza maisha yao yote wasiuone. Kwenye ukuta wa kete 36 za ukoo mmoja, ukiushika, zinabaki kete 23 na zote 23 ni za ushindi. Unachota ukiwa umefumba macho. Mkono adimu kabisa umegeuka kuwa hakika.

Mara ya kwanza unacheka. Baadaye kidogo unaona ulichokifanya: umeua sanshoku, kwa sababu inahitaji koo tatu. Umeua yaku zote za majoka, na joka moja likipatikana mara tatu lilikuwa yaku tayari, rahisi kuliko zote, bila kujali kingine chochote mkononi. Umeupunguza ule mrundikano wa majina niliousifia hapo juu, ukabaki ukiegemea jina moja kubwa unalolirudia. Katika Slay the Spire kufuta Strike ni faida karibu kila mara. Katika mahjong kila kete unayoifuta inafunga milango fulani, na unatakiwa kujua ni ipi kabla hujaifunga. Mvutano huo kati ya ukuta mwembamba na majina mengi ni mgumu, ni mpya, na Balatro haikuwa nao kwa kiasi hiki. Mtengenezaji akiupuuza na kuruhusu ukoo mmoja ushinde kila safari, yaani kila mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mchezo umekufa kwa wiki. Akiusimamia vizuri, kwa kuzipa nguvu yaku za koo tatu na kwa kuleta vikwazo vinavyoiadhibu pakiti ya ukoo mmoja, ana mchezo wa miaka.

Kuhusu ugumu wa kuingia, nitakuwa mkali kwa pande zote mbili. Orodha ya mikono ya Balatro ina majina 12, na 3 kati ya hayo yamefichwa hadi uyagundue. Kanuni rasmi za mashindano zilizotolewa China mwaka 1998 zina vipengele 81 vya kuhesabia pointi. Mtu anayetoka kwenye jozi na ree akakutana na ukurasa wa kwanza wa yaku, ana haki ya kufunga mchezo akalale. Watengenezaji nao mara nyingi wanajibu kwa kumpa ukurasa mwingine wa maelezo, kana kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa kusoma. Kinachohitajika ni skrini inayokuambia, hapohapo chini ya mkono wako, kwamba ukitupa kete hii umebakiza moja kufikia jina lile. Programu za mahjong za mtandaoni zimekuwa zikionyesha kete unazongoja kwa miaka. Hakuna sababu ya mchezo wa peke yako, ambao hauna mpinzani wa kuonewa, kukuficha.

Lakini wapo pia wanaolalamika yaku ni nyingi huku wakiwa na saa mamia kwenye Balatro, wakikumbuka kila moja ya majokeri 150 na linavyofanya kazi likikaa kushoto au kulia kwa jingine. Kichwa kinachobeba hayo hakishindwi na tanyao. Kinachowakera, nadhani, ni kwamba majokeri walijifunza moja moja dukani, kwa hamu, wakati yaku zinakuja zote mlangoni kama mtihani. Ni kosa la mpangilio, linatibika.

Nilitegemea pia kelele za kamari, kwa sababu Balatro ilizipata: Machi 2024 iliondolewa kwa muda kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni ya mashine za michezo ya video baada ya alama yake ya umri barani Ulaya kurushwa kutoka 3 hadi 18, na ni Februari 2025 tu, baada ya rufaa, ndipo PEGI, wanaopanga alama hizo za umri, walipoishusha hadi 12. Yote hayo kwa mchezo usio na senti ndani yake. Mahjong ina historia nzito zaidi ya fedha mezani kuliko hiyo, na ukiniuliza nani atafuata kusumbuliwa kwa sababu ya picha za kete, nina jibu. Tuliache.

Ninachokitaka zaidi kutoka kwa atakayefuata ni kivuli cha mpinzani. Si lazima akili bandia inayocheza mikono kamili. Wachezaji watatu wa kompyuta watarudisha foleni ya kungoja zamu, na hiyo itaua mwendo. Nataka safu moja ya kete zilizotupwa upande wa pili wa skrini, na adui wa mwisho wa raundi anayengoja kete fulani ambayo naweza kuibashiri nikiisoma safu hiyo. Nikimtupia, nusu ya pointi zangu ziende. Hapo kete ninayoitupa itakuwa na uzito tena, na nitaanza kuvunja mikono mizuri kwa woga, kama inavyopasa.

Kama unataka kuingia leo na hujui lolote, usifungue orodha ya yaku. Anza na tatu: tanyao, mkono wa ukoo mmoja, na joka mara tatu. Usifute pepo hata moja hadi uwe umepoteza angalau safari moja kwa sababu yake. Na dukani, ukipewa uchaguzi kati ya kitu kinachoongeza fu na kinachoongeza han, tazama kwanza upande upi wa hesabu yako ni mdogo, ndipo ununue.